Uliza Fundi: Kila skrini na njia yake ya picha

Mwezi huu najibu barua za jambo moja tu, kwa sababu zimekuja nyingi na karibu kila moja ina hasara ndani yake. Mtu amenunua waya, au adapta, au kisanduku fulani, amefika nyumbani amechomeka, na skrini ya pili imegoma. Hela imeshatoka na haitarudi. Hapa Dodoma vifaa vingi vinatoka Kariakoo, na ukichukua kisichofaa huwezi kukirudisha kwa urahisi. Inaniuma, maana ni hasara ambayo dakika tano za kutazama nyuma ya kompyuta zingeiondoa.

Basi kabla ya barua naomba mshike hili moja. Kila skrini inayotaka kuonyesha kitu tofauti lazima iwe na njia yake ya picha inayotoka ndani ya kompyuta. Ukiwa na njia moja, hata ukiigawa mara kumi, utapata picha ileile mara kumi.

Habari za kazi, Fundi. Mimi ni mhasibu wa shule binafsi huku Kibaigwa. Kila muhula nalinganisha taarifa ya benki na orodha ya ada za wanafunzi, na kwa skrini moja nafungua hii, nafunga ile, mpaka nasahau namba niliyokuwa naitafuta. Shule imenipa monita ya pili. Nilikwenda mjini nikauziwa kisanduku cha HDMI, picha inaingia kwa waya mmoja na kutoka kwa waya mbili. Skrini zote zinawaka lakini zinaonyesha kitu kilekile. Nimebonyeza Windows na P, nikachagua "Extend", ili kila skrini iwe na kitu chake, hakuna kilichobadilika. Kompyuta ni ya mezani, Dell OptiPlex 3050, tuliinunua ikiwa imetumika. Je, kisanduku ni kibovu?

Nzuri, ndugu mhasibu. Kisanduku chako ni kizima kabisa. Kimetengenezwa ili kichukue picha moja na kuitoa mara mbili, na ndivyo kinavyofanya. Kompyuta yenyewe haina habari kwamba huko mbele kuna monita mbili. Hakikisha kwa macho yako: bonyeza kitufe cha kulia cha mausi mahali patupu kwenye skrini, fungua "Display settings", utazame vile visanduku vyenye namba. Ukiona namba 1 peke yake, "Extend" haina pa kwenda. Ukishaona 1 na 2, hapo ndipo mipangilio inaanza kuwa na maana.

Sasa geuza CPU, lile boksi la kompyuta. Yaache matundu ya USB na ya waya wa mtandao, tafuta ya picha tu. La VGA ni pana, mara nyingi la bluu, lina vitundu 15 katika safu tatu na mahali pa skurubu mbili pembeni. Lilianza mwaka 1987 na bado utalikuta kwenye monita nyingi zinazouzwa mjini. La HDMI ni jembamba na pembe zake mbili za chini zimekatwa. La DisplayPort, ukilitazama haraka, utadhani ni HDMI, ila limekatwa pembe moja tu, na karibu yake kuna alama ya herufi D iliyobeba P. Hilo ndilo ambalo watu huliruka, kwa kuwa waya wake hauonekani mara kwa mara madukani, na ndilo litakalokuokoa wewe. OptiPlex 3050 ina HDMI moja na DisplayPort moja nyuma yake. Njia zako mbili zilikuwepo tangu siku mliyoileta shuleni.

Monita ya kwanza ichomeke moja kwa moja kwenye HDMI. Ya pili itumie DisplayPort. Kama monita yenyewe ina tundu la DisplayPort, tafuta waya wa DisplayPort pande zote mbili. Kama ina HDMI tu, nunua waya au adapta ya kutoka DisplayPort kwenda HDMI, na hapa naomba uwe makini: adapta hizi hupitisha picha upande mmoja tu. Inayotoka DisplayPort ya kompyuta kwenda HDMI ya monita ni ya bei nafuu na inatosha kwa kazi yako. Ukiichomeka kinyume, kutoka HDMI ya kompyuta kwenda DisplayPort ya monita, skrini itabaki nyeusi, na muuzaji atakuambia monita imekufa. Unapofika dukani usiseme "nataka adapta ya DisplayPort na HDMI". Sema kompyuta ina nini na monita ina nini, kwa mpangilio huo. Kama monita ina VGA peke yake, ipo adapta ya kutoka DisplayPort kwenda VGA nayo ni nzuri. Siku utakapotaka kuchomoa waya wa DisplayPort, angalia kwanza kama una kidude cha kubonyeza juu ya kichwa chake, kwa maana wengi wameuvuta kwa nguvu na tundu likatoka na waya.

Wasomaji wengine wenye mashine za aina hii, msikate tamaa mkikosa HDMI. OptiPlex 7010 ile ya mwaka 2012, ambayo bado ipo kwenye ofisi na stesheneri nyingi, haina HDMI hata moja, lakini ina VGA na DisplayPort mbili, na inaendesha monita tatu zenye vitu tofauti bila kuongezewa chochote. Kama CPU yako ina matundu ya picha sehemu mbili, juu karibu na ya USB na chini yakiwa yamelala, yale ya chini ni ya kadi ya grafiki iliyoongezwa. Chomeka monita zote mbili kwenye kadi. Kompyuta nyingi huzima yale ya juu, ya mazabodi (ubao mkuu wa kompyuta), zikiona kadi, na hiyo ndiyo sababu mtu anapata picha monita moja huku nyingine ikiandika kwamba haioni kitu.

Nikiwa bado nyuma ya CPU: kompyuta za zamani zaidi huwa na swichi ndogo nyekundu karibu na mahali pa waya wa umeme, imeandikwa 115 na 230. Umeme wetu ni volti 230. Mashine iliyotoka nchi ya volti 110 inaweza kufika ikiwa imewekwa 115, na ukiiwasha hivyo utasikia mlio mmoja tu, nayo imeungua.

Ukimaliza kuchomeka, bonyeza Windows na P, chagua "Extend". Kwa kazi yako ya ada, weka taarifa ya benki skrini moja na orodha ya wanafunzi nyingine. Dirisha lolote utalihamisha kwa kubonyeza Windows, Shift na mshale wa kulia au kushoto kwa pamoja, bila kulivuta kwa mausi. Jambo moja litakalokusumbua kama ofisi yenu bado inatumia Excel ya 2010: mafaili mawili hufunguka ndani ya dirisha moja na hayatenganishiki. Fungua Excel mara mbili kutoka kwenye menyu, kisha fungua faili moja katika kila Excel. Kuanzia Excel ya 2013 kila faili lina dirisha lake. Na kama benki na ada ziko kwenye faili moja, kurasa mbili, nenda "View" ubonyeze "New Window", utapata faili hilohilo katika madirisha mawili, moja huku na jingine kule. Ukiandika upande mmoja, upande wa pili unabadilika papo hapo.

Kile kisanduku mpe mwalimu wa darasa la kompyuta. Mwalimu anapotumia projekta anahitaji hasa picha moja itoke mara mbili, moja mezani kwake na nyingine ukutani kwa wanafunzi. Hela ya shule haijapotea.

Mbukwenyi, Mama Fundi. Nina stesheneri karibu na soko la Majengo. Msimu wa maombi ya mikopo ya vyuo vijana wanajaa, nawajazia fomu kwenye mtandao, na majina yanakosewa kwa sababu wananitajia kwa mdomo huku kelele zimejaa. Nataka skrini ya pili imtazame mteja, aone kila ninachochapa. Nitumie njia gani ya bei nafuu?

Mbukwa, ndugu yangu. Wazo lako nimelipenda kuliko barua zote za mwezi huu. Herufi moja ikitofautiana kati ya fomu na cheti cha kuzaliwa, kijana anaanza kuzunguka ofisini na viapo mkononi, tena wengine wametoka Bahi au Chemba na nauli ya kurudi haipo.

Njia ya bei nafuu kabisa ni kile kisanduku nilichomwambia mhasibu, au kuchagua "Duplicate", picha ileile skrini zote, badala ya "Extend". Mteja ataona kila kitu. Nakusihi usifanye hivyo. Kila kitu ni pamoja na ujumbe unaoingia kwenye WhatsApp yako, majina ya mafaili ya wateja wa asubuhi, na nenosiri lako kama umelibonyezea kitufe cha jicho. Kibaya zaidi, kivinjari hukumbuka. Ukigusa sehemu ya kuandika namba ya NIDA, inashuka orodha ya namba za watu uliowahudumia jana, na mteja wa leo anazisoma bila hata kukusudia. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mwenye stesheneri anashika taarifa nyeti za watu wengi kuliko anavyodhani, na wale watu wamekuamini.

Fanya hivi. Chagua "Extend". Fomu ijaze kwenye skrini yako ukiwa na cheti mkononi. Ukimaliza ukurasa, bonyeza Windows, Shift na mshale, dirisha lile pekee liende kwa mteja. Mwambie asome jina lake herufi kwa herufi, tarehe ya kuzaliwa, namba ya mtihani, akiwa ameshika cheti chake mwenyewe. Akisema ni sawa, lirudishe, endelea na ukurasa unaofuata. Usitume fomu kabla hajasoma ule wa mwisho. Itaongeza dakika kadhaa kwa kila mtu, na foleni itanung'unika, lakini hakuna atakayerudi wiki ijayo akilia.

Kila mteja mfungulie dirisha la faragha. Kwenye Chrome ni Ctrl, Shift na N. Ukilifunga, halibaki na alichoandika. Na lile jambo la kivinjari kukumbuka fomu na maneno ya siri, lizime kabisa kwenye mipangilio.

Kwa upande wa mteja, monita ya inchi 19 iliyotumika inatosha. Hata VGA inatosha. Waya wa mita 3 hadi 5 hautakusumbua, ila upitishe chini ya kaunta na uufunge kwenye mguu wa meza, mtoto akiuvuta usiondoke na monita. Na kabla hujalipia monita iliyotumika, omba iwashwe. Fungua ukurasa mweupe utafute manjano na mistari, kisha ukurasa mweusi utafute vidoa vinavyowaka. Soma karatasi iliyobandikwa nyuma: ikiandikwa 100–240V, iko salama kwa umeme wetu.

Shikamoo Mama. Ninasoma shahada ya uzamili UDOM. Nina MacBook Air ya M1, nikanunua kifaa cha USB-C chenye HDMI mbili ili niwe na monita mbili chumbani pamoja na laptopu. Monita zote mbili zinaonyesha kitu kimoja. Laptopu za rafiki zangu za Windows zinakubali kifaa hichohicho.

Marahaba, mwanangu. Hapa waya hauna kosa na wewe huna kosa la mipangilio. MacBook Air ya M1, na ile ya M2 pia, imetengenezwa iendeshe monita moja tu ya nje. Ya M3 inaendesha mbili ukiwa umefunga mfuniko wake, na ya M4 inaendesha mbili mfuniko ukiwa wazi. Vifaa kama chako hutegemea kompyuta ipitishe njia mbili za picha pamoja ndani ya waya mmoja, na Windows hukubali kufanya hivyo, lakini Mac hutoa picha ileile kwenye tundu zote mbili.

Ipo njia ya kuzunguka. Kuna adapta zinazotumia teknolojia ya DisplayLink: picha hutengenezwa na programu unayoisakinisha, kisha hupita kwenye USB kama data ya kawaida. Hizo zitakupa monita ya pili ya nje hata kwenye M1. Bei yake ni kubwa kuliko adapta ya kawaida na hutumia nguvu ya prosesa. Kwa maandishi na majedwali hutaona tofauti, kwa video utaiona.

Ila nikuulize kama mzazi: unaandika tasnifu, una laptopu yenye skrini nzuri na monita moja kando yake. Hizo tayari ni mbili. Takwimu upande mmoja, sura unayoiandika upande wa pili. Ningekuwa wewe, monita moja ningeiuza na hela ningeiweka kwenye diski ya kuhifadhia nakala ya tasnifu, ikae mbali na laptopu.

Wengine mnaofikiria USB-C, jueni kwamba siyo kila tundu la USB-C hutoa picha. Mengi kwenye laptopu za bei ya chini ni ya chaji na data tu. Tafuta alama ya DisplayPort au ya radi kando ya tundu, au soma kijitabu cha modeli yako. Na waya wa chaji ya simu, hata ukiingia vizuri, mara nyingi haupitishi picha.

Salaam, Fundi. Ni mtumishi katika Mji wa Serikali, Mtumba. Nimewekewa monita ya inchi 24 kando ya laptopu ya inchi 14. Ni wiki kadhaa shingo inauma, hasa kulia, na maandishi ya monita yana ukungu ukilinganisha na ya laptopu. Nifanyeje? Siku nzima nipo kwenye NeST, ule mfumo wa manunuzi ya serikali mtandaoni, na nyaraka za zabuni.

Wa salaam. Tuanze na shingo, maana monita ina spea na shingo haina.

Kama unavyoeleza, nadhani laptopu iko mbele yako na monita iko kulia, na kazi yote umeipeleka kwenye monita kwa sababu ni kubwa. Basi unakaa umegeuka kulia kwa muda wa saa nane. Skrini unayoitazama zaidi ndiyo ikae mbele ya pua yako. Sogeza monita katikati, laptopu iende pembeni iwe ya barua pepe na kusomea tu. Kama kweli unazitumia zote sawasawa, ziunganishe kingo katikati mbele yako na kila moja uigeuze kidogo ikuelekee, kama kitabu kilichofunguliwa. Umbali uwe urefu wa mkono wako ulionyooka. Ukingo wa juu wa monita uwe usawa wa macho au chini yake kidogo.

Laptopu ikikaa mezani macho yanashuka na shingo inafuata. Iinue kwa rimu za karatasi: rimu moja la A4 lina unene wa kama sentimita 5, na mawili au matatu ambayo hayajafunguliwa yanatosha. Lakini ukishaiinua, omba kibodi na mausi za nje, maana mikono nayo haipaswi kupanda. Kama maumivu yanashuka mkononi au vidole vinakufa ganzi, hilo siyo la fundi, nenda hospitali.

Ukungu una sababu mbili za kawaida. Ya kwanza, monita haijawekwa kwenye kipimo chake. Inchi 24 nyingi ni nukta 1920 kwa 1080. Fungua "Display settings", bonyeza kisanduku cha monita hiyo kwanza, kisha kwenye "Display resolution" chagua kile kilichoandikwa "Recommended". Kama herufi zitakuwa ndogo, ongeza "Scale" iwe asilimia 125, usishushe kipimo. Kila skrini ina "Scale" yake, hazilazimiki kufanana. Ya pili ni waya. Kama ni VGA, ina maana picha inasafiri kama mawimbi, na waya mrefu au uliochoka huyatia ukungu. Bonyeza kitufe cha "Auto" kwenye monita ijirekebishe, na ukiweza hamia HDMI. Mara nyingi monita ina HDMI nyuma na hakuna aliyejisumbua kuitazama.

Halafu mwanga. Jua letu la Dodoma ni kali, na dirisha likiwa nyuma yako linaingia ndani ya skrini, likiwa mbele yako linapigana na macho. Geuza meza dirisha liwe ubavuni. Na miezi ya upepo vumbi hili jekundu likikaa kwenye kioo usilisugue. Lina chembe zinazokwaruza. Zima monita, lipeperushe kwa brashi laini, ndipo ufute kwa kitambaa laini kilicholowa kidogo sana. Maji yasipuliziwe kwenye skrini yenyewe.

Naweza kutumia TV ya inchi 32 kama skrini ya pili? Nauza mafuta ya alizeti, Singida.

Unaweza, kwa kutazama chati na picha ukiwa mbali. Kwa kusoma namba karibu siishauri. TV nyingi za inchi 32 zina kipimo cha 1366 kwa 768, chini ya monita nyingi za ofisini, kwa hiyo herufi zinakuwa kubwa zenye meno. Ukiona kingo za picha zimekatwa, tafuta kwenye menyu ya TV sehemu ya ukubwa wa picha, chagua "Just Scan" au "Screen Fit". Sauti ikihamia kwenye TV, bonyeza alama ya spika kwenye kompyuta uirudishe.

Mausi inagonga ukuta upande wa kulia, wakati monita ya pili ipo kulia. Ninavuka kwa kwenda kushoto. Mpwapwa.

Kompyuta haijui monita umeiweka wapi mezani, inakisia. Kwenye "Display settings" kile kisanduku chenye namba 2 kishike kwa mausi, kivute upande wa kulia wa namba 1, ubonyeze "Apply". Kama monita moja iko juu kuliko nyingine, visogeze hivyohivyo kwenye picha, la sivyo mausi itakuwa inaruka juu au chini unapovuka.

Mwanangu Fundi, mimi ni mwalimu mstaafu, niko kijijini Chamwino. Nakusanya methali na hadithi za Kigogo nilizoandika kwenye madaftari tangu ujanani. Nimezipiga picha zote. Nataka picha ya daftari iwe upande mmoja nami nichape upande wa pili. Umeme wangu ni wa sola, betri moja ya volti 12, Ah 100. Je, itabeba monita ya pili?

Shikamoo, mwalimu. Itabeba, na kazi hiyo naomba usiiache.

Hesabu yake ni hii. Betri ya volti 12 na Ah 100 (ampea-saa 100) ina wati-saa 1,200, yaani 12 mara 100. Kama ni ya asidi, usiitumie zaidi ya nusu kila siku, vinginevyo itakufa mapema. Kwa hiyo una wati-saa 600. Monita ya LED ya inchi 22 au 24 hula wati 20 hadi 30. Laptopu ikifanya kazi ya kuandika tuihesabie 40. Jumla ni kama wati 65, na inveta nayo hula sehemu yake, tuseme unafika 76. Gawanya 600 kwa 76, unapata saa 7 na kitu, kama taa na redio havijagusa betri hiyo. Ukipunguza mwanga wa monita mpaka nusu, na vyumba vya kijijini mchana vina mwanga wa kutosha, utaongeza muda.

Kujua monita yako inakula kiasi gani, soma karatasi iliyo nyuma yake au kwenye adapta yake. Zidisha volti kwa ampea: iliyoandikwa 19V na 1.3A haizidi wati 25.

Kuna watu watakushauri utafute monita ya volti 12 uiunganishe moja kwa moja na betri, usipitie inveta. Usikubali bila kifaa cha kutuliza volti katikati. Sola inapochaji mchana, betri hiyo ya 12 hupanda hadi volti 14 na zaidi, na monita nyingi za 12 hazikutengenezewa hapo.

Njia za picha ni zilezile: laptopu yako ikiwa na HDMI au VGA, hiyo ndiyo njia ya pili, na skrini yake yenyewe ndiyo ya kwanza. Huhitaji kisanduku chochote. Picha ya daftari iweke kwenye monita kubwa uikuze, maana mwandiko wa kalamu ndio unaochosha macho, na maandishi unayochapa yabaki kwenye laptopu mbele ya mikono yako. Na kila jioni kabla hujazima inveta, nakili ulichochapa kwenye flashi, pamoja na picha za ukurasa wa siku hiyo.